Meno Mawili ya Bi Tatu

Wenzangu mliobaki na koleo mkononi, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, keki, na hotuba iliyosema mambo mazuri sana juu ya mtu nisiyemfahamu. Nilishukuru. Lakini kwenye foleni ya chakula mmoja wenu aliniuliza, "Mzee Mollel, miaka yote hiyo, kuna mgonjwa hujamsahau?" Nilikuwa na pilau mdomoni, nikamwambia nitaandika. Vyeo vyangu vimo kwenye faili na mishahara yangu haina hadithi, kwa hiyo hayo nayaruka.

Nilifika kliniki ya meno hapa Arusha nikiwa na cheti kipya na koti jeupe la kukopa lililonipwaya mabegani. Mkuu wa kliniki alikuwa Mzee Nanyaro, Mmeru mfupi mwenye sauti ndogo, tabibu wa meno aliyeanza kazi kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza hakunipa koleo wala kioo. Alinikalisha kwenye kiti cha mgonjwa, akaniambia nipanue mdomo, akaniwekea kioo juu ya ulimi, kisha akaenda kunywa chai. Nilikaa hivyo mate yakinichuruzika mpaka kwenye tai. Aliporudi alikuwa anafuta midomo.

"Umejifunza nini?"

"Kwamba taya linauma, Mzee."

"Na nini kingine?"

Nikafikiri. "Kwamba mtu aliyepanua mdomo hawezi kusema kitu."

"Basi kesho uanze kazi," akasema. "Na wewe uwaulize kabla hawajapanua."

Vifaa vyetu vya wakati ule mngevicheka. Mashine ya kutobolea jino ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani, na ukichoka mguu mgonjwa alijua kabla yako. Sindano tulichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Dawa ya ganzi ikija, Mzee Nanyaro aliifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni, na ilipokwisha tulingoja nyingine huku tukiwapa watu maji ya chumvi na pole. Koleo zilikuwa chache lakini kila moja ilikuwa na tabia yake. Kulikuwa na moja ya magego ya chini tuliyoiita Mwenyekiti, kwa sababu ikishika haiachii.

Wagonjwa nao walitufundisha. Daktari mgeni alipita kwetu mwaka mmoja, akamkuta mzee wa Kimaasai mwenye pengo la meno mawili ya chini, lile pengo la mila wanalotolewa wangali watoto. Daktari akahuzunika, akaanza kumpima ili amtengenezee ya bandia. Yule mzee alicheka mpaka tukahofia. Akaniambia nimtafsirie: "Mwambie na mimi nimemhurumia yeye, mdomo wake hauna mlango." Mimi mwenyewe ni Mlutheri wa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, ambako maji yana madini yanayoyapa meno rangi ya chai ya rangi tangu utotoni. Fikirieni wagonjwa walivyoniangalia nilipowahimiza kupiga mswaki.

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Nasema ukweli, tulifurahi. Madukani dawa ya meno ilirudi, na ya kila rangi. Tulipata kiti kinachopanda kwa umeme, na ganzi ya kwenye vichupa vidogo isiyohitaji kabati. Zahanati na kliniki za watu binafsi zikafunguliwa mjini, baadhi zikiwa na madaktari wazuri kuliko sisi, na baadhi zikiwa na vibao vizuri kuliko madaktari. Kote ukaja mtindo mpya, wa mgonjwa kuondoka na kitu. Zamani mtu alikubali kuambiwa tungoje tuone. Sasa amelipa dirishani, anataka sindano, au dawa, au jino lake kwenye kipande cha pamba. Na sisi tukaanza kupenda kuwapa.

Wakati huo ndipo alipokuja Bi Tatu.

Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Pangani aliyeletwa Arusha na mume, na mume alipofariki akabaki Ngarenaro akiuza vitumbua. Alivipika alfajiri, akavipanga kwenye beseni, akajitwika kichwani juu ya ngata ya kanga kuukuu na kuzunguka navyo gereji hadi gereji. Mafundi wote walimjua. Alipoketi kwenye kiti changu na kupanua mdomo, niliona meno ambayo sisi wa mlimani huwa tunayaona kwenye kalenda tu: meupe, yamepangana, yamekaza. Pengo lilikuwa moja, upande wa kushoto chini.

"Shikamoo mama. Hili lilitolewa lini?"

"Marahaba, mwanangu. Mwezi uliopita, kwenye kliniki ile mpya. Wakasema ndilo linalochoma ulimi. Wamelitoa, na ulimi bado."

Akanieleza. Upande wa kushoto wa ulimi ulikuwa unachomwa ghafla, kama mtu aliyegusishwa waya, kisha nusu hiyo inakufa ganzi, kisha inarudi. Siku nyingine mara tano, siku nyingine mara kumi. Nikamuuliza inakuja akifanya nini. Akasita kidogo. "Nikila vya moto," akasema.

Niliutazama ulimi juu na chini. Hakukuwa na kidonda wala uvimbe. Nikagonga meno ya jirani, naye akasema labda hili, au labda lile. Akaniangalia kinywa. "Daktari, na wewe meno yako yana chai ya rangi, yanakuuma?"

"Hayaniumi, mama."

"Basi nipe hayo, uchukue yangu."

Tulicheka wote, na baada ya kucheka nikamng'oa gego. Wiki tatu baadaye alirudi, maumivu yako pale pale, nikamng'oa la pili. Nilijiambia huenda kuna ufa usioonekana. Mnayajua maneno hayo, na ninyi mmeyasema.

Aliporudi mara ya tatu nilimpeleka kwa Mzee Nanyaro. Alimtazama kwa muda mrefu, akamuuliza maswali yale yale niliyomuuliza mimi, akapata majibu yale yale. Kisha akachukua kadi yake na kuandika kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya misheni: *Sababu ya maumivu sijaijua. Asing'olewe jino.* Akamsomea.

Bi Tatu akamkazia macho. "Hujui?"

"Sijui, mama. Nikijua nitakwambia."

Mama yule aliondoka bila kuaga. Mimi niliona aibu kwa niaba ya kliniki nzima. Nikamwambia Mzee kwamba siku hizi mgonjwa ukimwambia hujui anavuka barabara na kwenda kwa anayejua. Akaosha mikono yake taratibu. "Avuke," akasema. "Lakini akirudi, kadi itakuwa imesema kweli." Leo mtaniambia hilo ni jambo dogo. Sijaona mtu mwingine kazini aliyeweza kuandika neno lile na kutia sahihi chini yake, na nimefanya kazi na watu wenye shahada za ng'ambo.

Alivuka kweli. Aliporudi miezi michache baadaye pengo lilikuwa limeongezeka, la nne, na alikuwa amekonda. Hakuja kuuliza chochote. Alikuja na uamuzi.

"Yatoe yote ya upande huu. Chini na juu. Nimechoka, mwanangu. Silali, sili, mafundi wananiuliza kwa nini siongei. Ukikataa wewe, kuna atakayekubali."

Mzee Nanyaro siku hiyo alikuwa ameitwa kikaoni mkoani. Nilikuwa peke yangu na kadi inayosema asing'olewe, na mbele yangu mtu mzima, mwenye akili zake, anayelia bila sauti. Nilimwambia akae kwenye benchi, zamu yake ikifika nitamhudumia. Ngojeni niwaambie ukweli wote: nilikuwa nimeshakubali. Nilishatoa Mwenyekiti na kumweka kwenye sinia.

Kisha umeme ukakatika. Ilikuwa miaka ya mgao, na mgao wa siku hiyo uliwahi. Taa ya kiti ikazimika, wagonjwa wakabaki kwenye benchi, na mimi nikatoka kwenye korido kunyoosha mgongo. Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka mjini. Bi Tatu akaenda kwenye bomba, akatawadha, akatandika kanga yake mwisho wa korido chini ya dirisha, akaanza kuswali.

Mimi sikuwa najua lolote kuhusu swala. Nilikulia kwenye nyimbo za kwaya na kusimama pale mchungaji anapoinua mikono. Nilimtazama kwa sababu tu sikuwa na kazi nyingine. Aliinama, akasujudu, akakaa. Mwishoni akageuza uso kuelekea kulia, akasema salamu yake, shingo ikigeuka vizuri kama ya mtu yeyote. Kisha ikafika zamu ya kushoto. Hapo hakugeuza shingo. Aligeuka na mabega, na kifua, na kiuno, mwili mzima kama ubao, uso ukiwa umenyooka mbele, huku mkono umeegemea ukuta.

Nikangoja akunje kanga yake.

"Mama, samahani. Ninyi mkimaliza, kushoto mnageuka hivyo na mwili mzima?"

Aliganda. "Kwa nini unauliza mambo ya swala?"

"Kulia uligeuza shingo tu."

Akaketi kwenye benchi. Kisha yakatoka yote kwa mara moja, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie. Kwamba vile vya moto alisema tu. Kwamba maumivu yanakuja akigeuza shingo kushoto haraka, na mahali pasipokosa hata siku moja ni mwisho wa swala, mara tano kwa siku. Kwamba jirani yake alipoona akishika shavu baada ya kuswali alimwambia maradhi yanayomshika mtu kwenye ibada yana mwenyewe, akapungwe pepo. Akaogopa kupungwa, na akaogopa zaidi kwamba huenda jirani anasema kweli.

"Lakini kwa nini hukuniambia mimi habari ya shingo?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. "Wewe si daktari wa meno? Ningekuleteaje shingo?"

Na mimi pia sikuwahi kumwomba mgonjwa yeyote anionyeshe shingo. Nilimkalisha karibu na dirisha, nikamwomba ageuke kushoto polepole, asimame akihisi kitu. Hakufika mbali. Aliruka, akaushika mkono wangu kwa kucha. Niligusa ulimi wake kwa pamba: kulia alihisi, kushoto hakuhisi. Baada ya muda mfupi alihisi pande zote mbili. Nikamwambia basi, mama, basi, usigeuke tena.

Umeme uliporudi sikumng'oa jino. Nikamrudisha Mwenyekiti kwenye droo.

Usiku ule, au tuseme jioni, niliandika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya Moshi, kurasa mbili. Niliweka humo yote niliyoyasoma kuhusu mishipa ya fahamu na mengine niliyoyakisia. Kesho yake Mzee Nanyaro aliisoma akiwa amesimama. Akatoa kalamu na kufuta ukurasa wa kwanza wote na nusu ya wa pili. Ikabaki sentensi moja: *Huumia ulimi upande wa kushoto, na ganzi, kila anapogeuza shingo kushoto, kinywani sikuona kitu.*

"Ulichokiona kinatosha," akasema. "Daktari wa Moshi anajua kazi yake." Kisha akaongeza, akiwa ameshanipa mgongo, "Umeona vizuri." Katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja alinisifu mara hiyo moja, na nimeitunza.

Bi Tatu alikaa Moshi siku kadhaa. Walimpiga picha za shingo, wakamgongagonga magoti, wakamchoma vidole kwa pini. Daktari alimwambia kwamba inawezekana kuna mshipa wa fahamu unaobanwa juu kabisa ya shingo, pale mifupa inapogeuka, na kwamba mshipa huo una habari za ulimi pia. Inawezekana ni beseni la miaka yote, inawezekana alizaliwa hivyo. Hakuwa na hakika, na alisema hivyo. Akampa kola ya shingo, dawa za kutuliza, mazoezi, na akampiga marufuku kujitwika kitu kichwani.

Maumivu hayakwisha. Nataka mlijue hilo, kwa sababu hadithi zetu za kazini hupenda kumaliza mgonjwa akicheza ngoma. Yalipungua kutoka mara kumi hadi mara moja kwa siku, na siku nyingine hakuna. Sehemu iliyobaki aliishughulikia mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mama yule kuliko maprofesa. Aliacha kuzunguka. Alitafuta mahali pa kukaa karibu na gereji, akaweka meza yake kiasi kwamba ukuta uko kushoto kwake, ili pasiwe na mtu wa kumwita kutoka upande ule. Mafundi aliwafundisha kumsalimia kutoka kulia, na aliyesahau hakupata kitumbua cha moto siku hiyo. Kitanda alikigeuza, kichwa kikaenda kwenye miguu, ili mlango uwe kulia. Kwenye swala alimwendea mwalimu wa madrasa, akamweleza yote kwa hofu kubwa, na mwalimu akamwambia ageuke kiasi anachoweza, Mungu hapimi shingo. Aliponisimulia hilo alicheka mpaka machozi. Miezi yote ile ya kuogopa, kwa jambo lililojibiwa kwa sentensi moja kabla yeye hajavua viatu mlangoni pa madrasa. Nilimuuliza siku moja anayavumiliaje. Akasema, "Sivumilii, nayachukia. Lakini nimeshajua yanapokaa, basi nami nakaa kwingine."

Mzee Nanyaro alistaafu mwaka uliofuata. Siku ya mwisho alinikabidhi ufunguo wa lile kabati, ambalo wakati huo halikuwa na kitu ila pamba, na akaniuliza kama aliyekumbuka jambo dogo, "Yule mama wa vitumbua. Umeshamwambia?"

"Kumwambia nini, Mzee?"

"Nimeuliza tu," akasema, akavaa kofia.

Nilijua alichouliza. Yale magego mawili yalikuwa mazima. Bi Tatu alikuwa akinisifu gereji nzima kwamba mimi ndiye niliyegundua ugonjwa wake, mafundi walikuwa wakiniita daktari bingwa, na mimi nilikuwa nikiitika. Kutafunia upande mmoja tu kulikuwa kumembana. Nyama alikuwa ameacha, karanga ameacha. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mkono uliomnyima karanga ni huu wangu. Kama ningenyamaza, asingejua mtu. Na kama ningesema, ningempoteza, na pengine asingemwamini tena daktari yeyote, naye alikuwa bado anahitaji kurudi Moshi. Nilijipa sababu hiyo ya pili kwa wiki kadhaa. Ilikuwa nzuri sana, mpaka nilipogundua kwamba naipenda mno.

Jumamosi moja nilikwenda Ngarenaro. Nilimkuta mezani kwake na kola shingoni, ukuta kushoto. Nikakaa kulia.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, daktari. Leo unatibu vitumbua?"

Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba magego mawili niliyomng'oa hayakuwa na ugonjwa wowote. Kwamba niliyang'oa kwa sababu sikujua, na niliona haya kusema sijui. Kwamba nimekuja kumwomba radhi, na hata akitaka kunishitaki nitamwandikia mwenyewe barua.

Aligeuza vitumbua vyake kwa uma, kimoja kimoja, mpaka vikamalizika kikaangoni. Sikuweza kumwangalia usoni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Wenzako wawili waling'oa wakatupa kwenye ndoo. Wewe lile la kwanza uliliosha, ukalipeleka dirishani, ukaligeuza na kuligeuza. Mimi nilikuwa nimejaa pamba mdomoni, siwezi kusema, lakini macho ninayo. Nikaona uso wako. Na la pili ukafanya vile vile."

"Kama ulijua, Bi Tatu, kwa nini ulirudi kwangu?"

Akanishangaa. "Ningerudi kwa nani? Wale wengine hawakuangalia."